Nani Kasema Huyu Hashindi?

Mwenyekiti, walimu wangu, na ninyi wanafunzi mliokosa viti mkaamua kukaa ngazini: wanaostahili shikamoo nawaamkia, na wengine habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie vyombo vya habari na wagombea urais wa mrengo wa kushoto nchini Marekani, wale ambao tangu siku ya kwanza hawapewi nafasi. Nitakaa zaidi na mtu mmoja, Dennis Kucinich, kwa sababu yaliyomkuta yanaonekana waziwazi kuliko ya wengine. Bernie Sanders, seneta wa Vermont, mnamjua. Huyo nitamfikia baadaye.

Tuanzie Durham, New Hampshire, tarehe 9 Desemba 2003. Jukwaani wapo wagombea tisa wa chama cha Democratic, kila mmoja akitafuta tiketi ya chama kugombea urais. Anayeongoza mdahalo ni Ted Koppel wa kituo cha televisheni cha ABC, mtangazaji mwenye heshima zake. Siku hiyohiyo Al Gore, makamu wa rais wa zamani, amemuunga mkono Howard Dean, gavana wa zamani wa Vermont. Koppel anafungua kwa kuwaambia wote: anayeamini Dean anaweza kumshinda Rais George W. Bush anyooshe mkono. Mkono ukanyooshwa mmoja tu, wa Dean mwenyewe. Mazungumzo yakaendelea hivyo. Nani kaungwa mkono na nani, nani yuko wapi kwenye tafiti za maoni, nani ana pesa kiasi gani. Halafu Koppel akawageukia watatu wa chini, Kucinich, Al Sharpton na Carol Moseley Braun, akataka kujua kama wana nia ya kuendelea au siku moja watakubali kwamba wako pale kwa kujionyesha tu.

Kucinich hakujibu swali. Alilijadili swali lenyewe. Alisema tumeanza usiku huu na habari za nani kamuunga mkono nani, tukaingia kwenye tafiti, sasa tuko kwenye pesa, na mkifanya hivyo hamlazimiki tena kuzungumzia yanayowagusa Wamarekani. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Kesho yake ABC ikawaondoa waandishi wake waliokuwa wakizifuata muda wote kampeni za Kucinich, Sharpton na Braun. Wakubwa wa kituo wakaeleza kwamba ni suala la kugawa watu na rasilimali, kwa kuwa kura za Iowa, jimbo la kwanza kupiga kura za mchujo wa chama, zilikuwa zimekaribia. Inawezekana kabisa. Mimi sina haja ya kudai ilikuwa kisasi, na naomba nanyi msiikimbilie tafsiri hiyo, maana hoja yangu inasimama bila kisasi chochote. Mgombea ambaye hana mwandishi nyuma yake haonekani kwenye taarifa ya habari. Asiyeonekana hapandi kwenye tafiti. Asiyepanda kwenye tafiti hachangiwi. Asiyechangiwa, mhariri anamtazama na kusema: mnaona, nilijua huyu si mgombea wa kweli. Kila hatua ina sababu ya kueleweka, na mwisho wake ni mduara ambao mhariri mwenyewe ameuzungusha, kisha anautolea ushahidi.

Na kipimo chenyewe kilikuwa kibovu. Desemba ile Dean ndiye alikuwa mshindi wa magazeti. Mpinzani wake, seneta John Kerry, alikuwa amepungukiwa pesa kiasi cha kuweka rehani nyumba yake ya Boston ili aikopeshe kampeni yake mamilioni. Wahenga walishasema, aliye juu mngoje chini. Tarehe 19 Januari 2004, wiki sita tu baada ya Durham, Kerry akashinda Iowa kwa takriban asilimia 38, Dean akawa wa tatu na asilimia 18. Usiku ule Dean akapiga ule ukelele wake maarufu, na televisheni zikaurudia siku kadhaa mfululizo. Waliokuwamo ukumbini waliusikia kwa shida, kwa sababu umati nao ulikuwa ukipiga kelele. Maikrofoni aliyoshika mkononi ndiyo iliyozuia sauti za watu na kubakisha yake peke yake, akasikika kama mtu aliyepandwa na wazimu chumbani. Nalisema hili kwa sababu Dean naye, pamoja na pesa zake, alikuwa mtu wa kuja kutoka pembeni.

Sasa Kucinich ni nani? Mwaka 1977, akiwa na miaka 31, alichaguliwa meya wa Cleveland, Ohio. Jiji lilikuwa na kampuni yake ndogo ya umeme, Muny Light. Mabenki yaliyokuwa yanalidai jiji yalitaka kampuni hiyo iuzwe kwa kampuni binafsi ya umeme, mshindani wake. Meya akakataa. Tarehe 15 Desemba 1978 mabenki yakagoma kuongeza muda wa mikopo, na Cleveland ikawa jiji kubwa la kwanza la Marekani kushindwa kulipa madeni yake tangu enzi za mdororo mkuu wa uchumi. Kucinich akashindwa uchaguzi wa 1979 na kupotea kwenye siasa kubwa kwa miaka mingi. Alirudi 1994 akigombea useneta wa jimbo, mabango yake yakiwa na picha ya balbu na maneno ya kusema kwamba alikuwa sahihi. Mwaka 1998 baraza la jiji lenyewe lilimpongeza rasmi kwa kutouza umeme ule. Lakini fungua maelezo mafupi ya magazeti juu yake mwaka 2003 au 2007. Utakuta meya kijana aliyelifilisi jiji. Jiji halikufilisika kisheria, lilishindwa kulipa deni lililoiva, na habari ya pongezi za 1998 mara nyingi haimo. Mwandishi hakusema uongo hapo. Aliishia katikati ya hadithi.

Nifike kwenye kinachoniuma mimi. Oktoba 2002 Baraza la Wawakilishi lilipiga kura kumpa Bush ruhusa ya kuivamia Iraq: 296 waliunga mkono, 133 walikataa. Kucinich, wakati huo mbunge wa Ohio, alikuwa mmoja wa walioongoza upinzani ule ndani ya chama chake. Seneti ilipitisha kwa 77 dhidi ya 23. Kerry alisema ndiyo, na kati ya wagombea wenzake John Edwards ndiyo, Joe Lieberman ndiyo, na Dick Gephardt kule kwenye Baraza ndiyo. Usiku ule wa Durham, kati ya wagombea wote waliokuwa Bungeni kura ile ilipopigwa, aliyesema hapana alikuwa mmoja, na ndiye aliyeulizwa atajitoa lini. Silaha za maangamizi hazikuwa zimepatikana na hazikupatikana kamwe. Mtu anaweza kuwa na asilimia moja kwenye tafiti na bado akawa ndiye mwenye jambo la kusema kuhusu suala kubwa kuliko yote ya mwaka huo.

Mtaniuliza, sheria iko wapi? Ipo, na ina historia ya kupunguzwa meno. Sheria ya mawasiliano ya 1934, kifungu cha 315, inasema kituo kikimpa mgombea mmoja nafasi hewani, wapinzani wake wapewe nafasi sawa. Mwaka 1959 Bunge likatoa msamaha kwa taarifa za habari na mahojiano ya kihabari. Mwaka 1972 Shirley Chisholm, mwanamke mweusi wa kwanza kuingia Bunge la Marekani na wakati huo mgombea urais, aliachwa nje ya vipindi vya televisheni vilivyowakutanisha wapinzani wake George McGovern na Hubert Humphrey kabla ya mchujo wa California. Alikwenda mahakamani, akashinda, akapewa nusu saa. Ukimsoma Chisholm utaona kila mahali anaitwa mgombea wa ishara. Ile nusu saa hakupewa na ishara, alipewa na mahakama. Kisha 1975 Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ikaamua kwamba mdahalo ulioandaliwa na mtu wa nje ni tukio la habari tu, kwa hiyo msamaha unauhusu. Mwaka 1983 vituo vikaruhusiwa kuandaa midahalo vyenyewe. Na 1998 Mahakama ya Juu, kwa majaji sita dhidi ya watatu, ikasema hata kituo cha umma kinaweza kumwacha mgombea asiye na wafuasi wa kutosha, mradi hakimwachi kwa sababu ya maoni yake. Kazi ya kuthibitisha kilichokuwa moyoni mwa mhariri naiachia ninyi mnaosoma sheria.

Ndiyo maana uchaguzi wa 2008, Kucinich alipogombea tena, ulikwenda hivi. Desemba 2007 gazeti la Des Moines Register lilimwacha Kucinich nje ya mdahalo wake wa Iowa kwa sababu mtu wake wa kampeni jimboni alifanyia kazi nyumbani, hakuwa na ofisi ya kupanga. Mnacheka, lakini hiyo ndiyo ilikuwa sababu. Januari MSNBC, kituo cha habari cha kampuni ya NBC, ikamwalika kwenye mdahalo wa Las Vegas chini ya kanuni yake yenyewe ya wagombea wanne wa juu. Mgombea mwenzake Bill Richardson akajitoa, Kucinich akawa wa nne, na siku chache tu baada ya mwaliko, mwaliko ukafutwa na kanuni ikawa watatu. Jaji wa Nevada akaagiza aingizwe. Tarehe 15 Januari 2008, ikiwa imebaki kama saa moja mdahalo uanze, Mahakama ya Juu ya Nevada ikatengua. Wafuasi wake walisema sana kwamba mwenye NBC wakati ule alikuwa General Electric, kampuni inayotengeneza pia injini za ndege za kivita. Ni kweli alikuwa mmiliki. Ila mimi naona kanuni iliyobadilishwa katikati ya mchezo inatosha kuwa kashfa bila kumtafuta tajiri aliyepiga simu.

Na kabla ya hapo walikwishamaliza kazi kwa kicheko. Tarehe 30 Oktoba 2007, mdahalo wa Philadelphia, mtangazaji wa NBC Tim Russert akamuuliza Kucinich kama ni kweli aliwahi kuona chombo kisichojulikana kikiruka angani. Kucinich angeweza kukwepa. Akasema ndiyo, aliona kitu asichoweza kukitambua, akatania kwamba atafungua ofisi ya kampeni Roswell, mji maarufu kwa hadithi za vyombo kama hivyo, akakumbusha kwamba Jimmy Carter naye aliwahi kuona. Siku ya pili hiyo ndiyo ikawa habari yake. Sasa angalieni kalenda. Tarehe 6 Novemba, wiki moja tu baadaye, azimio la Kucinich la kumshtaki Makamu wa Rais Dick Cheney ili aondolewe madarakani lilifika kwenye ukumbi wa Baraza, na Baraza likapiga kura kulipeleka kwenye kamati ya sheria. Waulizeni Wamarekani waliokuwa watu wazima mwaka ule wanakumbuka lipi kati ya hayo mawili. Kumpinga mtu kuna gharama, inabidi usome hoja zake. Kumcheka ni bure.

Sanders alikuja na zama nyingine. Intaneti ilimpa pesa za wachangiaji wadogo, kwa hiyo ule mduara niliousema ulikatika sehemu moja. Sehemu nyingine ulibaki. Mfuatiliaji wa taarifa za habari za jioni, Andrew Tyndall, alihesabu kwamba kufikia mwisho wa Novemba 2015 taarifa ya jioni ya ABC ilikuwa imempa Donald Trump dakika 81, na Sanders sekunde 20. Usiku wa tarehe 15 Machi 2016 Sanders alihutubia Phoenix huku vituo vikubwa vya habari vikionyesha jukwaa la Trump likiwa tupu, likimsubiri mwenyewe. Haki isemwe: usiku ule Sanders hakushinda jimbo hata moja.

Kuna jambo linalowakera wafuasi wake nikilisema. Kituo cha Shorenstein cha Harvard kilichambua habari za 2015 kikakuta kwamba Sanders aliandikwa kidogo sana kulinganisha na mpinzani wake Hillary Clinton, lakini alipoandikwa, aliandikwa vizuri kuliko mgombea mwingine yeyote mkubwa. Clinton ndiye aliyeandikwa vibaya kuliko wote. Mimi nadhani mambo hayo mawili ni kitu kimoja. Asiyetegemewa kushinda hahojiwi kwa ukali. Anapewa makala ya kupendeza juu ya nywele zake na vijana wanaomshangilia. Hakuna anayekaa chini kumuuliza bima ya afya kwa wote italipwa na kodi gani, na yeye kama ana jibu, hapati pa kulitolea. Ukiniuliza, Sanders alinyimwa maswali magumu, na kwa mgombea mwenye sera nzito hiyo ni hasara.

Mhariri naye ana utetezi. Wagombea ni wengi, dakika ni chache, lazima achague. Nakubali. Basi achague kwa kanuni iliyotangazwa mapema, isiyoguswa mchezo ukishaanza. Chama cha Democratic kilijaribu hivyo 2019: atakayefikisha asilimia moja katika tafiti tatu, au wachangiaji 65,000, anaingia. Wakapatikana watu 20, mdahalo ukagawanywa siku mbili Miami. Wengine walitumia pesa nyingi kwenye matangazo ili kupata mchango wa dola moja, lakini angalau kila mtu alijua mlango uko wapi.

Kisha tarehe 31 Januari 2020 sharti la wachangiaji likaondolewa. Aliyenufaika mara moja ni Michael Bloomberg, bilionea aliyekuwa anajilipia kampeni mwenyewe na hivyo hakuwa na wachangiaji wa kuhesabu. Kambi ya Sanders ililalamika, haikusikilizwa. Mdahalo wa kwanza wa Bloomberg ulifanyika tarehe 19 Februari mjini Las Vegas, mmoja wa waandaaji akiwa MSNBC. Seneta Elizabeth Warren, mgombea mwenzake, alimchambua jukwaani mpaka watazamaji wakamhurumia. Bloomberg alijitoa mwanzoni mwa Machi, baada ya kutumia zaidi ya dola milioni 500 na kushinda mahali pamoja tu, visiwa vya American Samoa.

Naona mikono imeshaanza kunyooshwa. Tuanze na dada yule wa nyuma.