Nipigie Hiyo Sauti Mezani

Ndugu zangu, wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na leo nalirudia. Sikio linalolia na sikio linalopiga ni vitu viwili. Waliowahi kutibiwa malaria kwa kwinini wanaujua ule mlio: ngiiii, mrefu, haukatiki. Huu wangu una mwendo. Vuu, vuu, vuu. Ukipanda ngazi unaharakisha, ukitulia nao unatulia. Ni damu yako mwenyewe unaisikia ikipita karibu na sikio.

Mimi ulinianza tukiwa Mbagala, usiku, umeme umekatika. Feni iliposimama tu, nikasikia pampu ya maji. Nikamwamsha mume wangu, nikamwambia jirani kasahau kuzima pampu. Akatoka na tochi, akarudi: "Mama Neema, umeme hakuna mtaa mzima. Pampu gani?"

Nikazunguka miezi minane. Kituo cha kwanza walinisafisha nta. Cha pili, dawa ya matone. Cha tatu nikaambiwa nina mawazo, nipumzike. Shangazi yangu akasema ni majini, na simlaumu, maana wenye makoti meupe hawakuwa wamenipa jibu lolote. Mpaka siku moja muuguzi, binti mdogo tu, akanishika mkono, vidole viwili chini ya dole gumba, akasema: "Mama, hiyo sauti unayoisikia, nipigie mezani." Nikagonga kwa kidole. Ta, ta, ta. Yeye kimya, anasikiliza meza huku ameshika mshipa. Akaniachia: "Inakwenda na moyo wako, mama. Twende tukapime damu."

Damu ilikuwa 6. Mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe na 12 au zaidi. Nilikuwa na uvimbe kwenye kizazi, kila mwezi natokwa na damu nyingi, nikidhani ndiyo uanamke. Damu ikipungua inakuwa nyepesi, moyo unaikimbiza ili itoshe mwili mzima, na kinachokwenda kasi kinavuma. Uvimbe ulipotibiwa na damu ikapanda, sauti ikafifia mpaka ikaisha.

Sasa najua yupo anayejisemea, "Basi nitakunywa juisi ya rozela." Hapana jamani! Hujapima, unajuaje ni damu? Tezi ya shingo ikizidisha kazi inaleta sauti hiyohiyo. Mshipa wa shingoni uliojaa mafuta, vilevile. Mishipa iliyoungana vibaya ndani ya fuvu, vilevile. Na lipo shinikizo la maji ya ubongo, linalowapata zaidi wanawake vijana wenye uzito mkubwa: kichwa kinauma, ukiinama macho yanaingia giza kwa sekunde chache. Huyo asisubiri hata wiki. Daktari wa macho amwangalie nyuma ya jicho, maana hapo upofu uko karibu. Wengine watahitaji picha za mishipa kwa mashine za CT au MRI, hayo mtaelekezwa.

Kuhusu usingizi nilikuwa na mengi, ila naona mwenyekiti anatazama saa. Washeni feni, au redio kwa sauti ya chini. Kimya ndicho kinachoikuza. Na msijikandamize shingo ili kuisimamisha, tafadhali.

Mama pale nyuma, umenyoosha mkono tangu mwanzo. Unasema ni sikio la kushoto, na usiku zaidi? Njoo hapa mbele, keti. Nipe mkono. Sasa nipigie mezani.