Kabla hujaihamisha familia kuja Dodoma, muulize anayenunua chumvi

(Mazungumzo na wafanyakazi na wafanyabiashara waliotangulia Dodoma, familia zao bado ziko mikoani. Yameandikwa kama yalivyosemwa.)

Haya tukae jamani, mliosimama mlangoni ingieni, viti vya mbele havina mwenyewe. Nimepewa dakika arobaini na mwenyekiti ananijua, ndo maana ameshaweka simu yake mezani inahesabu.

Swali mnaloniuliza kila mahali, sokoni Majengo, kanisani, kwenye foleni ya benki, ni moja tu: "Mama, maisha ya Dodoma ni bei gani?" Na jibu langu mnalichukia. Sijui. Mtu anataka nimtajie namba, laki nane, milioni moja na nusu, aondoke nayo akalale usingizi. Ukiniuliza kilo ya mchele nitakwambia, ukiniuliza kodi ya vyumba viwili Nkuhungu inatofautianaje na Ilazo nitakwambia, lakini ukikusanya hizo bei zote ukazijumlisha hupati gharama za nyumba yako, unapata gharama za nyumba ya mtu ambaye hayupo. Hatumii sukari kama yenu, hana binti wa kidato cha pili, mama mkwe wake hapigi simu tarehe 28.

Serikali yenyewe iliamua kuja hapa 1973. Ikakaa, ikakaa, mpaka 2016 ndo ikaanza kuhama kwa kasi, hiyo ni miaka arobaini na ushee na walikuwa na wachumi. Wewe unataka kuhamisha watoto wanne kwa hesabu uliyopiga ndani ya daladala ukitokea Mtumba, kwenye ofisi za serikali! Hapana jamani.

Sasa walionisikia kwingine mtanivumilia, hii naisema kila mahali na nitaendelea kuisema. Kuna kaka mmoja alihamishiwa huku akitokea Dar, familia ipo Mbagala. Kijana mzuri, makini, mtu wa kupanga mambo. Akapiga hesabu kwenye simu, akaandika kodi, unga, mchele, nauli, ada, umeme, maji, akalinganisha na anachotumia Mbagala akakuta Dodoma anapata nafuu ya kama laki na nusu kwa mwezi. Akafurahi, akawaambia na wenzake. Disemba shule zimefungwa, Fuso likaja, makochi, vitanda, friji mbili.

Hiyo friji ya pili ndo hadithi yenyewe. Ilikuwa ya mkewe. Mama yule Mbagala alikuwa anauza barafu, maji ya kandoro, juisi ya ukwaju, na asubuhi maandazi na chapati, wateja ni mtaa mzima maana Mbagala joto halina likizo na watu wanapita mlangoni usiku na mchana. Hapa wakapanga nyumba nzuri yenye fensi, mtaa mpya, majirani wanatoka saa kumi na mbili alfajiri wanarudi saa mbili usiku, kila mtu na geti lake. Halafu mwezi wa sita ukaingia na huu upepo wetu mnaujua, mji uko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, nani anunue barafu? Friji ikawa ya kuwekea mboga.

Lakini ngoja, hawakusubiri mpaka mwezi wa sita kugombana. Mwezi wa pili tu tangu wafike hela ilikuwa haitoshi na yule kaka akawa na uhakika kwamba mkewe amebadilika, Dodoma imemharibu, anatapanya. Wakaletwa kwangu. Mimi sikuuliza kuhusu ndoa, nikamwambia mama, nitajie vitu ulivyokuwa unanunua Mbagala kwa hela yako mwenyewe. Akaanza taratibu, sukari, mkate wa chai, nyanya, vitunguu, sabuni ya kufulia, mafuta ya kupaka watoto, pedi za binti, hela ya kula shuleni, bando, gesi ikiisha tarehe 17 na baba hana, michango ya misiba na harusi za mtaani, fundi cherehani, dawa ya kikohozi. Yule kaka alikuwa anatazama chini. Tukajumlisha ikafika kama laki mbili na nusu kwa mwezi. Yeye miaka yote kwenye ndoa alikuwa hajawahi kununua chumvi, alidhani inaota kabatini!

Sasa angalieni hesabu. Kwenye vile vitu alivyokuwa anavilipia yeye alipata nafuu ya laki na nusu, kweli kabisa, hakukosea kujumlisha. Ila kuna vitu vya laki mbili na nusu ambavyo havikuwahi kuwa kwenye simu yake kwa sababu havikuwahi kupita mkononi mwake, na hela iliyokuwa inavilipia imebaki Mbagala. Kwa hiyo pungufu laki moja kila mwezi, na hapo hajaugua mtu.

Naona mzee pale anatikisa kichwa, najua anachotaka kusema, "mke wangu hafanyi biashara." Sawa. Ana duka kwa Mangi anapokopa mpaka tarehe ya mshahara? Ana dada yake Feri anayemletea samaki? Mama yenu yupo karibu anashinda na mtoto mdogo? Hizo zote ni hela, ila haziji kwenye simu na meseji ya "umepokea". Huku duka la mtaani halikujui, litakuuzia kwa keshi, utanunua mafuta ya kupimiwa kwa sababu la lita tano limekupiga chenga, na ukinunua vidogo vidogo unalipa zaidi, hilo halihitaji mchumi. Bibi asipokuwepo unatafuta dada wa kazi, dada anataka mshahara, anakula, anaugua, anaenda kwao Krismasi kwa nauli yako.

Mwingine atasema haya ni mambo ya wanawake, mtu mzima hawezi kukaa anaandika vitunguu kwenye daftari. Baba, ofisini unasaini fomu kuchukua kalamu. Ukisaini kalamu ya ofisi unaweza kuandika kitunguu cha nyumbani kwako. Tena siyo wewe uandike, aandike anayenunua. Mwezi mmoja mzima, huko huko familia ilipo, kabla ya kuuliza bei yoyote ya Dodoma. Kila kitu, na pembeni ya kila kitu nani amekilipia. Mwezi ukiisha mnakaa wawili na kalamu nyekundu, hiki kinakuja Dodoma, hiki kinabaki, hiki huku kitabadilika. Hapo ndo unachukua bei za huku unaziweka mbele ya vitu vyenu. Na mwezi wenyewe usiwe Januari wala mwezi wa likizo, maana Januari nyumba yoyote inaonekana imevamiwa.

Bei zenyewe za huku msiziulize ovyo. Ukiuliza debe la mahindi mwezi wa saba, watu wametoka kuvuna, soko la mahindi la Kibaigwa limejaa malori, utapata bei ya kukufurahisha. Uliza tena mwezi wa pili ghala zimepungua. Wenye akili wananunua gunia kipindi cha mavuno wanaweka, lakini hiyo ni hela ya mkupuo, iweke kwenye mpango. Na ukija kutafuta nyumba kati ya Aprili na Juni, Bunge la bajeti linaendelea, gesti zimejaa, utalala kwa bei ya mheshimiwa wakati unatafuta chumba na sebule.

Kodi. Hapa naomba mnisikilize. Tuseme nyumba ni laki mbili na nusu kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita, hiyo ni milioni moja na nusu, dalali anataka mwezi mmoja wake, laki mbili na nusu nyingine, kwa hiyo siku ya kwanza zimetoka 1,750,000 na hujanunua hata pazia, na pazia utanunua kwa sababu madirisha ya huku hayalingani na ya kule. Ukishalipa, miezi mitano inayofuata unajiona tajiri, mshahara unaingia hakuna anayegonga. Ndo watu wanapokopa makochi. Mwezi wa saba tangu uhamie mwenye nyumba anarudi na daftari lake, milioni moja na nusu tena. Ile laki mbili na nusu ilitakiwa itengwe kila mwezi kana kwamba unalipa kila mwezi, kwenye kibubu, kwenye vikoba, mimi sijali wapi ila siyo mfukoni.

Ukiangalia nyumba angalia na mita. Mkiwa wapangaji watatu mnachangia LUKU moja, matumizi yenu yanajumlishwa, na ile nafuu ya watumiaji wadogo inaishia uniti 75 kwa mwezi, mkivuka hapo bei ya uniti ni nyingine kabisa. Friji yako ndogo inalipishwa bei ya pasi ya jirani. Halafu ile kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU tangu 2021 ni ya mwenye nyumba, siyo ya mpangaji, kubalianeni mapema mtakavyorudishiana, usije ukaanza ugomvi wa hela ndogo ndogo na mtu mwenye funguo za geti.

Maji, maji, maji. Huku mvua ni msimu mmoja tu, Disemba mpaka Aprili hivi, na mitaa mingi ya pembeni maji yanakuja kwa mgao. Msiulize "kuna maji?" maana dalali atasema yapo, na kweli bomba lipo, unaliona. Muulize jirani yanatoka siku gani na yasipotoka anafanyaje. Kama anafanya kwa madumu ya mkokoteni, hesabu madumu kwa siku mara thelathini. Kama kuna tanki uliza ni la nani, akihama nalo je. Visima vya huku vingi ni maji ya chumvi, sabuni haitoi povu, kwa hiyo na sabuni iongezeni.

Nyumba mbili, hili nalo, nina dakika ngapi? Kumi? Haya. Wengi humu mnasema "mimi naishi Dodoma ila familia ipo Dar kwa muda." Huo muda wa wengine mtoto aliyeachwa chekechea sasa ana simu. Treni ya mwendokasi tangu 2024 imeleta raha, nauli ya kawaida ni 31,000, kwenda na kurudi 62,000, mara mbili kwa mwezi ni 124,000, bado boda ya kwenda stesheni, bado usafiri wa Dar, bado huwezi kufika nyumbani mikono mitupu ukimkuta mtoto mlangoni. Ongeza kodi mbili, LUKU mbili, mitungi miwili ya gesi. Sisemi mhame wote kesho! Yule mama wa friji labda ilikuwa afadhali abaki Mbagala mwaka mmoja wakati baba anamtafutia fremu karibu na stendi ya Nanenane, watu wanapita pale, wanakunywa juisi. Nasema nyumba mbili ni uamuzi wenye bei, uandikwe nao, siyo uachwe ujiendeshe wenyewe kwa sababu hakuna anayetaka kuongea.

Shule haraka haraka. Serikali haina ada tangu 2016 mpaka kidato cha nne, na tano na sita tangu 2022, ila uniform ya shule mpya, michango ya chakula na nauli vipo. Za binafsi, ukihamisha katikati ya mwaka unaweza kulipa fomu, sare na mchango wa kuanzia mara mbili ndani ya mwaka mmoja, subirini Januari. Masweta nunueni, vumbi na baridi ya mwezi wa saba vitawapa watoto kikohozi. Chakula msikisikitikie, samaki wa bahari na nazi vitawapandia bei lakini mna mlenda, karanga, alizeti, zabibu, na Jumamosi mnada wa Msalato kuna nyama, mtazoea. Bima sijaigusa. Viwanja siviongelei leo, tutakesha humu.

Swali moja, mwenyekiti kasema moja. Kaka wa shati la bluu. Anauliza, "na kama mke hataki kunitajia hela yake?"

Na ana haki asikutajie! Wewe umemtajia makato yako yote kwenye salari slip? Kimya. Haya. Usimuulize anapata shilingi ngapi, mtafika kubaya. Muulize ananunua nini. Mwambie akutumie orodha ya vitu tu, bila bei, wiki hii, kwa meseji. Bei utazitafuta mwenyewe hapo soko la Sabasaba Jumamosi, na uende na kikapu.