Mionzi ya siku moja, safari ya miaka

SOMOE: Mtwara kuchele! Tuko Shangani, feni inakwaruza, mkiisikia msidhani ni simu zenu zimeharibika. Mimi ni Somoe, na leo tunaongea upasuaji wa mionzi wa kichwani.

HAMISI: Na mimi Hamisi. Da Somoe kashinda miaka chumba cha eksirei, mimi miaka yangu yote nimeshinda ghala la korosho. Kwa hiyo maswali ni yangu.

SOMOE: Uliza basi, kaka.

HAMISI: Leo nimekuja na habari ya mama mkubwa, yuko Mikindani. Ruhusa kanipa mwenyewe. Mwaka juzi shavu la kulia lilianza kumpiga. Anasema ni kama kaguswa na waya wa umeme, sekunde chache, linaacha, linarudi. Akinawa uso linapiga, akitafuna linapiga. Akipanda bodaboda kuja mjini, ule upepo wa ghuba ukimgusa tu, machozi. Akawa anajifunga kanga upande mmoja kama mwari.

SOMOE: Na jino kang'olewa.

HAMISI: Umejuaje? Mawili! Mahali sipataji. La kwanza lilitoka zima, jeupe, halina hata tundu. Wakasema basi tatizo ni la jirani yake.

SOMOE: Hayo yanawapata wengi, maana maumivu yanasikika kwenye jino kabisa. Lakini jino halina kosa. Iko neva ya tano ya kichwa, ndiyo inayoleta hisia za uso. Mara nyingi unakuta mshipa wa damu umeiegemea pale inapotokea kwenye shina la ubongo, unaigonga kila moyo ukidunda. Walimpa kabamazepini, dawa ya kutuliza neva?

HAMISI: Hiyo hiyo. Siku za mwanzo anayumba kama katoka kwenye mtumbwi. Sasa anatafuna mpaka ming'oko. Ila daktari wa Dar alimwambia, dawa ikija kushindwa, upo upasuaji wa kuutenganisha ule mshipa na neva, na upo upasuaji wa mionzi. Hapo ndipo nyumba ilipochafuka. Wajomba wakasema kichwa cha dada yetu hakifunguliwi.

SOMOE: Sasa huo wa mionzi kichwa hakifunguliwi kweli. Hakuna kisu, hakuna damu, nusu kaputi kwa mtu mzima kwa kawaida haihitajiki. Jina ndilo linalotisha watu. Alilitunga daktari wa upasuaji wa ubongo wa Sweden, Lars Leksell, mwaka 1951. Na unajua alianza na ugonjwa gani? Huu huu wa mama mkubwa. Alielekeza eksirei kwenye neva ya uso. Baadaye yeye na mwanafizikia Börje Larsson wakatengeneza mashine ya kobalti-60, metali inayotoa mionzi, ile inayoitwa Gamma Knife. Ya kwanza ilianza kazi Stockholm mwishoni mwa miaka ya 1960.

HAMISI: Nisichoelewa, mionzi ikipita kichwani si inaunguza njia nzima?

SOMOE: Umekulia Newala wewe. Zile njia za miguu za kwenda kisimani, kila mtaa na njia yake. Katikati ya njia nyasi bado zipo, wanapita watu wachache. Lakini pale kisimani, miguu yote inapokutana?

HAMISI: Ardhi tupu. Haioti kitu.

SOMOE: Ndiyo hivyo. Mashine za sasa zina vyanzo 192 vya kobalti, kila kimoja kinatuma mwale mwembamba, dhaifu. Ubongo unaopitiwa na mwale mmoja hauumii sana. Mahali pamoja tu, yote inapokutana, ndipo dozi inakuwa kali. Na kukosea kwake ni chini ya milimita 1.

HAMISI: Mgonjwa akikohoa je?

SOMOE: Ndiyo maana wanamfunga fremu. Ni ya chuma, inashikwa kichwani kwa skrubu nne, mbili mbele, mbili nyuma.

HAMISI: Skrubu?!

SOMOE: Na ganzi, usipige kelele. Sindano nne za ganzi, ndizo wagonjwa wanazolalamikia kuliko mionzi yenyewe. Siku hizi wengine wanavalishwa kinyago cha plastiki badala ya fremu. Halafu anapigwa MRI, ile picha ya ndani ya kichwa, wataalamu wanapanga dozi, analala kwenye mashine kuanzia dakika kumi na kitu mpaka saa kadhaa. Jioni anakunywa chai nyumbani. Na mionzi haibaki mwilini, mjukuu anabebwa kama kawaida.

HAMISI: Na wale wenye uvimbe kwenye ubongo, maana nasikia nao wanapigwa mionzi hii, uvimbe wanautoaje?

SOMOE: Hawautoi.

HAMISI: Sasa wamefanya nini?

SOMOE: Hapo ndipo watu wanapokosana na madaktari. Mionzi inaharibu vinasaba vya seli za uvimbe, zinashindwa kugawanyika. Uvimbe unakaa palepale, kama mkorosho uliokaukia shambani. Mwingine unasinyaa taratibu, mwingine unabaki na ukubwa ule ule miaka yote, na daktari anafurahi, kwa sababu kwake kutokua ndiyo kupona. Hata mama mkubwa wako angefanyiwa, maumivu yangeweza kuchukua wiki au miezi kupungua, na shavu pengine lingebaki na ganzi. Wenye mishipa ya damu iliyosukana vibaya ndani ya ubongo wanangoja miaka 2 mpaka 3 ndipo izibe, na muda wote huo hatari ya kuvuja damu bado ipo.

HAMISI: Kwa hiyo siku moja si siku moja.

SOMOE: Siku moja ya mashine. Kisha MRI ya kufuatilia, na nyingine, na nyingine. Maana ubongo wa pembeni unaweza kuvimba, au tishu ikafa miezi mingi baadaye, na lazima mtu aione mapema. Wala si kila uvimbe unafaa. Mkubwa wa kupita sentimita 3 hivi kwa kawaida hawaupigi kwa dozi moja.

HAMISI: Sentimita 3 ni korosho na ganda lake.

SOMOE: Korosho, ndiyo. Ukiwa kama embe na unakandamiza ubongo, huko ni kisu cha kweli.

HAMISI: Mimi linaloniuma ni hili. Mionzi ya kawaida, ile ya hospitali ya saratani ya Ocean Road, mtu anaweza kuandikiwa siku 5 kwa wiki, wiki kadhaa. Mtu wa Tandahimba analala wapi Dar muda wote huo? Kumbe hii ya siku moja ndiyo ingetufaa sisi wa mbali, na ndiyo imekaa mbali kuliko zote.

SOMOE: Mashine ni ghali, na ile kobalti haingoji mtu. Kila miaka 5 na kidogo nguvu yake inapungua nusu, hata mashine ikiwa imezimwa usiku kucha. Matibabu ya dakika 30 yanakuwa ya saa nzima. Ndiyo maana hospitali nyingine zinatumia CyberKnife, aliyoibuni John Adler kule Stanford. Haina kobalti, ina mkono wa roboti. Kenya wanayo, kwenye hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta.

HAMISI: Sasa nikamwambie nini mama mkubwa?

SOMOE: Dawa zimemkubali, aendelee nazo na asiziache ghafla. Zikianza kushindwa, aende na picha zake za MRI, asiende mikono mitupu. Aulize mambo matatu: nafuu inakuja baada ya muda gani, nitafuatiliwa wapi, na nani atasoma picha zangu nikisharudi Mikindani.

HAMISI: La tatu nitaliuliza mwenyewe. Jumapili kaja hapa kwa bodaboda, upepo mkali, shavu haliumi. Kanga bado kajifunga upande mmoja. Namwambia fungua mama, ananiambia niache, nimeshaizoea.