Ushike Mkia Uchague wa Kwanza: Ubishi wa Mashabiki wa Chicago Bears

Shikamooni wazee wangu, na habari za jioni kwenu nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya mpira. Najua wengi hapa mkisikia mpira mnawaza Simba na Yanga, lakini leo tubaki hapahapa Chicago tunapoishi, tuzungumze mpira wao, ule wenye umbo la yai. Watoto wetu wanaubishania kwenye basi la shule, wanarudi nyumbani wamenuna, na sisi wazazi hatujui wamenunia nini.

Tuanze na jambo moja, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Kwetu timu ikishika mkia inashuka daraja. Huku hakuna kushuka. Timu za NFL, ligi kuu ya mpira huu, ni 32, na aliyeshika mkia anapewa wa kwanza kuchagua vijana wanaotoka vyuo vikuu. Bingwa anachagua wa mwisho, kisha mzunguko unaanza tena, raundi saba. Wenyewe wanaita drafti, na si ile ya vizibo vya soda kibarazani. Wazo lilitoka kwa Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, wakati timu yake ikipigwa na kila mtu, na uchaguzi wa kwanza ukafanyika 1936. Na zamu ya kuchagua ni mali: timu inaweza kuiuza kwa timu nyingine, hata zamu ya mwaka kesho ambayo bado haijulikani itaangukia namba ngapi. Hilo la mwisho mlishike, tutalirudia.

Sasa mfikirieni shabiki ambaye timu yake imeharibikiwa tangu Novemba. Aombee nini, ishinde au ifungwe?

Januari 8, 2023, siku ya mwisho ya msimu, nilikuwa sebuleni kwa jirani yangu, mzee aliyezaliwa South Side na kuishangilia Bears, timu ya Chicago, tangu utotoni. Televisheni ilikuwa inaonyesha Bears wakipigwa na Minnesota, na hakuna aliyeitazama. Mwanawe alikuwa ameegemeza simu kwenye chupa ya tomato sosi, sote tumeinamia kioo kile kidogo, tukitazama Houston wakicheza Indianapolis. Houston ndio waliokuwa wa mwisho kabisa. Wakifungwa, chaguo la kwanza ni lao. Wakishinda, na Bears wakifungwa, chaguo linakuja Chicago.

Houston walikuwa nyuma, 31 kwa 24, dakika ya mwisho. Jaribio la nne, ndilo la mwisho, yadi 20 za kwenda, yaani nafasi ambayo timu hata nzuri huikosa. Davis Mills akarusha, Jordan Akins akadaka kwenye eneo la mwisho, pointi sita, ikawa 31 kwa 30. Badala ya kuchukua pointi moja wasawazishe, wakaomba jaribio la pointi mbili. Mills kwa Akins tena. 32 kwa 31.

Mzee aliruka kutoka kwenye kochi, mikono kichwani. Timu yake ilikuwa inafungwa mechi ya kumi mfululizo, imemaliza na ushindi 3 na vipigo 14, na sikuwahi kumwona na furaha ile msimu mzima. Mwanawe hakuinuka. Akamuuliza, "Baba, tunashangilia kufungwa?"

Swali lile sijalisahau. Wapo wanaosema timu ikishaoza ni bora ijiachie tu, ifungwe, ivune mwakani. Mimi sikubaliani nao, na sababu yangu ni Davis Mills. Timu yake ilikuwa inatafuta kwotabeki, yule mrusha mpira anayeongoza mashambulizi yote, na kila mtu alijua. Chaguo la kwanza maana yake ni kijana wa kuja kumwondoa yeye kwenye kiti. Akarusha hata hivyo, kwa nguvu zote. Mchezaji hawezi kufungwa kwa faida ya mtu atakayekuja kuchukua kazi yake, na tusimwombe afanye hivyo. Kocha wao, Lovie Smith, ambaye zamani aliifikisha Bears hii hii hadi Super Bowl, fainali ya ubingwa, alifukuzwa usiku uleule.

Mashabiki wa Houston walilia. Wameshinda mechi isiyo na maana, wamepoteza chaguo la kwanza! Ila sikilizeni kilichofuata. Wakachagua wa pili, wakampata C.J. Stroud, na Stroud akawa mchezaji mpya bora wa mashambulizi mwaka ule, timu ikashinda mechi 10 na kuingia mtoano. Aliyechaguliwa wa kwanza alikuwa Bryce Young, na timu yake, Carolina Panthers, ilimaliza msimu na ushindi 2 tu.

Carolina walimpataje? Walilinunua chaguo la Chicago, na hapa ndipo nyumba za Chicago zilipogawanyika. Machi 10, 2023, meneja mkuu wa Bears, Ryan Poles, aliliuza chaguo la kwanza. Alipokea chaguo la 9 na la 61 la mwaka ule, chaguo la raundi ya kwanza la Carolina la 2024, la raundi ya pili la 2025, na mdakaji aliyekwisha komaa, DJ Moore.

Mzee jirani yangu alikasirika sana. Msimwone mkorofi, ana kidonda. Mwaka 2017 Bears walitoa machaguo kadhaa ili wapande hatua moja tu, kutoka la tatu hadi la pili, wakamchukua Mitchell Trubisky. Patrick Mahomes akachaguliwa wa 10 na Kansas City, na tangu hapo ameshinda Super Bowl tatu. Timu hii haijawahi kuwa na kwotabeki aliyerusha yadi 4,000 katika msimu mmoja, na ilipofika 2023 rekodi ya klabu ilikuwa bado ile ya Erik Kramer, yadi 3,838, ya mwaka 1995. Mtu wa namna hiyo ukimwambia umepata nafasi ya kwanza kuchagua halafu umeiuza, anaona umeuza shamba la urithi.

Mwanawe alikuwa upande wa pili. Kwake kwotabeki alikuwepo, Justin Fields, aliyekimbia na mpira yadi 1,143 msimu wa 2022, nyuma ya ukuta wa walinzi unaovuja. Mjengeeni ukuta, mpeni wadakaji, halafu ndiyo mmhukumu.

Mimi nilisimama na kijana, lakini si kwa ajili ya Fields. Wachumi wawili, Cade Massey na Richard Thaler, huyu wa pili akapata Nobeli 2017, waliyachambua machaguo ya miaka mingi. Walijiuliza: mchezaji akilinganishwa na anayefuata kuchaguliwa katika nafasi ileile ya uwanjani, ni mara ngapi yule wa mbele anakuwa bora zaidi? Wakakuta ni mara 52 hivi kati ya 100. Hiyo ni karibu sawa na kurusha shilingi juu! Na hao wanaochagua ni watu wenye maskauti na video za kila mechi. Kwa hiyo ukiwa na chaguo la kwanza, ulicho nacho si kijana fulani. Ulicho nacho ni kitu ambacho wenzako wanakitamani kupita thamani yake, na wanaweza kukulipa kwa nafasi nyingi za kujaribu. Anayejaribu mara tano anaweza kukosea mara mbili na bado akala.

Lakini hoja ya mzee nayo ina uzito, na nitakuwa mwongo nikiipita. Mwaka 2010 kijana wa kwanza kuchaguliwa, Sam Bradford, alisaini mkataba wa dola milioni 78. Mwaka 2011 sheria za mishahara zikabadilika, na Cam Newton, wa kwanza vilevile, akasaini milioni 22 kwa miaka minne. Tangu hapo kwotabeki kijana akiwa mzuri ni bidhaa ya bei nafuu kuliko zote, kwa sababu kwotabeki mkongwe anakula sehemu kubwa ya fedha za timu. Ndiyo maana wanapaparika kiasi kile.

Basi, Carolina walipomaliza wa mwisho, lile chaguo lao la 2024, lililouzwa likiwa halina namba, likawa la kwanza tena. Chicago wakajikuta na la kwanza kwa mara ya pili, pamoja na la 9 lao wenyewe. Desemba 31, 2023, theluji ikidondoka Soldier Field, Bears wakiwafunga Atlanta 37 kwa 17, uwanja uliimba kutaka Fields abaki. Miezi mitatu haikupita, akauzwa Pittsburgh kwa chaguo la raundi ya sita lenye masharti. Kijana wa jirani yangu hakuja mezani siku ile. Aprili wakamchukua kwotabeki Caleb Williams, na la 9 wakamchukua mdakaji Rome Odunze. Safari hii nilikubaliana na mzee: nafasi zilikuwa zimeshalipwa, na Fields alikuwa amepewa miaka mitatu.

Williams alianguka mara 68 msimu wake wa kwanza, akipigwa chini kabla ya kurusha. Timu ikafungwa mara kumi mfululizo tena. Oktoba 27 kule Washington, Bears wakiongoza hadi sekunde za mwisho, kwotabeki wa Washington, Jayden Daniels, aliyechaguliwa wa pili nyuma ya Williams, akarusha ule mpira wa kubahatisha wanaouita Salamu Maria. Beki wa Bears, Tyrique Stevenson, alikuwa amewageukia mashabiki jukwaani mchezo ukiwa umeshaanza. Akakimbia kurudi, akaugusa mpira, ukadondokea mikononi mwa Noah Brown wa Washington. 18 kwa 15. Na Stevenson huyo alitokana na lile chaguo la 61 la Carolina. Darnell Wright, anayemlinda Williams ukutani, alitokana na lile la 9. Luther Burden, mdakaji wa 2025, alitokana na la raundi ya pili. Chaguo moja limezaa watu watano, mmoja akatutoa machozi vile kule Washington, na mimi ningeliuza tena kesho asubuhi.

Nimesema ya kutosha. Yule kijana wa nyuma mwenye jezi namba 1, ile ya Fields, ameinua mkono tangu nilipomtaja. Karibu, mwanangu, sema.