Bei ya Dawa Haipangwi Kiwandani

Wakufunzi mliopo, shikamooni. Wanafunzi wa famasia, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie faida ya makampuni ya dawa na haki ya mgonjwa kuipata dawa. Nitajikita kwenye dawa za VVU tu, maana ndizo zilizotufunza. Nitangulize ninachokiamini: bei ya dawa inayookoa maisha hupangwa na sheria, na sheria hutungwa na watu.

Mwaka 2000, mgonjwa aliyehitaji ARV za aina tatu alitakiwa kuwa na dola kati ya 10,000 na 15,000 kwa mwaka. Nani hapa kwetu angeziweza? Watu walizikwa huku dawa ipo. Februari 2001, Yusuf Hamied wa kampuni ya Cipla ya India akatangaza kwamba atawauzia shirika la tiba la Madaktari Wasio na Mipaka dawa hizo kwa dola 350 kwa mwaka. Hakukuwa na ugunduzi wowote mpya. Ni kwamba sheria ya India ya mwaka 1970 kuhusu hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasitengeneze alichobuni, ililinda njia ya kutengeneza dawa, si dawa yenyewe. Ukibuni njia nyingine ya kuifikia dawa ile ile, ruksa.

Na kitazameni kidonge chenyewe. Cipla walichanganya stavudini, lamivudini na nevirapini pamoja: kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni, basi. Ninyi mnaosomea dozi mnajua maana yake kwa mtu anayemeza dawa kila siku ya maisha yake. Kule Marekani kila dawa kati ya hizo tatu ilikuwa na kampuni yake yenye haki: Bristol-Myers Squibb, GlaxoSmithKline na Boehringer Ingelheim. Hakuna aliyeweza kuzichanganya bila idhini ya wenzake. Tunaambiwa hataza huzaa ubunifu. Hapa hataza tatu ziliuzuia.

Najua swali linalokuja: utafiti utalipwa na nani? Ni swali la haki, utafiti ni ghali na dawa nyingi huishia maabara. Lakini tuifuate stavudini ilikotoka. Uwezo wake dhidi ya VVU uligunduliwa na William Prusoff na mwenzake Tai-Shun Lin katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Chuo kikachukua hataza, kikaipa Bristol-Myers Squibb haki ya kuiuza. Mwaka 2001 Madaktari Wasio na Mipaka wakaomba jeneriki yake, yaani dawa ile ile inayotengenezwa na kampuni nyingine kwa bei nafuu, iruhusiwe Afrika Kusini; chuo kikajibu kwamba kimefungwa na mkataba. Wanafunzi hawakukubali. Walikusanya saini, wakapiga kelele, na Prusoff mwenyewe akajitokeza hadharani kuwaunga mkono. Machi mwaka huo kampuni ikatangaza kwamba haitaitumia hataza hiyo kuzuia jeneriki Afrika Kusini. Walikuwa wanafunzi kama ninyi. Mwezi uliofuata makampuni 39 ya dawa yakaifuta kesi yaliyoifungua Afrika Kusini mwaka 1998 kuipinga sheria ya kurahisisha upatikanaji wa dawa za bei nafuu iliyosainiwa na Rais Mandela.

Tusidhani mambo haya ni ya huko mbali. Kenya ilipitisha sheria ya kupambana na bidhaa bandia mwaka 2008, nayo iliandikwa kwa upana kiasi kwamba hata jeneriki halali ingeweza kukamatwa kama bandia. Wakenya watatu wanaoishi na VVU wakaenda Mahakama Kuu. Aprili 2012, Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba vifungu hivyo vinatishia haki yao ya uhai, utu na afya.

Hukumu ile isomeni, kwa sababu mtakutana nayo kwenye dirisha la dawa. Mama atakigeuza kidonge, aone kimetengenezwa India, akuulize kwa sauti ya chini: "Mwanangu, hii si feki?" Dawa feki zipo, zinaua, na tupambane nazo bila huruma. Ila jeneriki iliyosajiliwa ina kiambato kile kile na imepimwa. Mwambie hivyo, tena kwa subira, maana hofu yake imepandwa na wengi.

Leo kidonge cha TLD, mchanganyiko wa ARV tatu (tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri), humezwa kimoja kwa siku, na kufikia 2023 Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria ulikuwa ukikinunua kwa chini ya dola 45 kwa mgonjwa kwa mwaka.

Sasa kuna lenakapaviri, sindano mbili tu kwa mwaka za kuzuia maambukizi. Katika majaribio ya Afrika Kusini na Uganda, kati ya wanawake 2,134 waliochomwa, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa kwa mujibu wa matokeo ya 2024. Marekani bei yake ni dola 28,218 kwa mwaka. Jeneriki inaahidiwa kwa dola 40 kuanzia 2027, katika nchi 120, zetu zikiwemo. Brazili haimo, ingawa watu wake walijitolea kwenye majaribio mengine ya dawa hiyo, na hilo linaniuma.

Makampuni sita yalipewa leseni ya kutengeneza jeneriki hiyo. La Afrika ni moja, Eva Pharma ya Misri. Kusini mwa Sahara hakuna. Ningependa tuanzie hapo kwenye maswali: tunakosa nini, wataalamu, mitaji, au serikali zinazokubali kununua kilichotengenezwa nyumbani? Karibuni.