Kupitisha Pointa Erevu kutoka C++ hadi Python

Karibu, ndugu mtazamaji. Leo tutachukua klasi ya C++ inayotunzwa na std::shared_ptr, pointa erevu inayohesabu wamiliki wa kitu na kukifuta wa mwisho anapoondoka, na kuifikisha kwenye Python kwa kutumia pybind11, maktaba ya kuunganisha C++ na Python. Mfano wetu ni wa hapa Nairobi: klasi ya Chama yenye orodha ya magari, na klasi ya Matatu ambayo, kila inapofutwa, huchapisha maneno "Matatu imefutwa". Usiuache mstari huo, kwa maana ndio shahidi wetu.

Fungua faili ya chama.cpp na, ndani ya PYBIND11_MODULE, andika:

py::class_<Matatu, std::shared_ptr<Matatu>>(m, "Matatu")

Tazama kipengele cha pili, std::shared_ptr. Ukikiacha, pybind11 itachukulia kwamba umiliki ni wa std::unique_ptr, yaani mwenye mali mmoja tu, na kompaila haitakulalamikia. Shida itajitokeza programu ikiwa tayari inaendeshwa. Ikiwa klasi ina wazazi, nao waandikwe kwa aina hiyo hiyo ya umiliki.

Sasa ongeza kwenye Chama fanksheni mbili: pata(i), inayorudisha shared_ptr ya gari, na hesabu(i), inayorudisha use_count() yake, yaani idadi ya wamiliki. Kompaili, kisha ufungue Python na uunde Chama chenye magari, ukiite c.

Kabla ya kuchukua gari, hesabu ni 1. Andika gari = c.pata(0), uulize tena: ni 2. Andika nyingine = gari, na bado ni 2. Hapa ndipo wengi hupotea. Python ina hesabu yake ya marejeleo, na C++ ina yake; hata ukilipa gari majina kumi upande wa Python, kwa C++ hilo ni fungu moja tu, nalo huachiliwa jina la mwisho linapoondoka.

Hebu tuharibu kwa makusudi. Badilisha pata irudishe magari[i].get(), yaani pointa tupu (raw pointer), anwani isiyobeba umiliki. Kompaili na urudie. Hesabu inabaki 1 ilhali Python inashika gari lile lile! Sababu ni kwamba pybind11, ikipewa pointa tupu, hujitwalia umiliki na kuanzisha hesabu mpya. Ni kama watu wawili wenye logibuku (hati za umiliki) mbili za matatu moja, kila mmoja akiipeleka Grogan, mtaa wa vipuri hapa Nairobi, ivunjwe. Ondoa majina yote mawili kwa del gari, nyingine, na "Matatu imefutwa" inatokea wakati Chama bado kinaitegemea. Ukiandika del c, programu inaweza kuanguka papo hapo. Niliwahi kukesha nikitafuta kosa la aina hii, kwa sababu mahali programu inapoangukia huwa mbali na mahali kosa lilipo.

Rudisha shared_ptr. Ikiwa msimbo wa zamani unakulazimisha kutoa pointa tupu, ifanye Matatu irithi std::enable_shared_from_this<Matatu>, na pybind11 itajiunga na hesabu iliyopo.

Limebaki jambo moja. Endapo Chama nacho kinamilikiwa kwa shared_ptr, na Matatu inakishika kwa shared_ptr, vitashikana milele, kwa kuwa mfagiaji wa kumbukumbu wa Python haoni yaliyo ndani ya C++. Ndani ya Matatu tumia std::weak_ptr, inayokitazama kitu bila kukimiliki, kompaili upya, uandike del c bila kubakiza gari lolote mkononi, na "Matatu imefutwa" itatokea mara moja kwa kila gari.