Kipimo cha Umakini kwa Kompyuta na Mtoto Asiyetulia Darasani

Mhadhara kwa walimu na wazazi, Mwanza

Ndugu walimu, wazazi na wauguzi wenzangu,

Siku hizi mzazi anapomleta kliniki mtoto asiyetulia, mara nyingi huniuliza kama tunacho kile kipimo cha kompyuta kinachoonyesha ADHD, yaani tatizo la kukosa umakini na kutotulia kupita kiasi. Vipimo vya namna hiyo vipo, na vina manufaa yake, ila kazi vinayoifanya ni ndogo kuliko inavyodhaniwa.

Mwaka 1956, nchini Marekani, mwanasaikolojia Rosvold na wenzake walichapisha kipimo walichokikusudia kwa watu walioumia ubongo. Herufi zilipita moja moja, na mpimwa alitakiwa kubonyeza kitufe aonapo X tu au, katika sehemu iliyo ngumu zaidi, X iliyotanguliwa na A. Vipimo vya leo vimejengwa juu ya wazo hilohilo. Katika QbTest, iliyobuniwa Sweden, mtoto wa miaka 6 hadi 12 huketi mbele ya kompyuta kwa dakika 15, akibonyeza anapoona duara na kujizuia duara hilo likiwa na msalaba ndani, huku kamera ikifuatilia mienendo ya kichwa chake kwa msaada wa alama iliyo kwenye utepe aliofungwa kipajini.

Mashine huhesabu maduara yaliyompita, mara alizobonyeza pasipotakiwa, na muda aliotumia kujibu. Binafsi hutazama kwanza jinsi kasi yake ilivyoyumba, kwa sababu mtoto anayejibu upesi, kisha akachelewa mno, kisha akajibu upesi tena, ananieleza jambo ambalo wastani wake hulificha. Matokeo hayo hulinganishwa na ya watoto wa umri na jinsia yake, na hapo ndipo ninapositasita, maana watoto wa kulinganishia wengi walipimwa Ulaya na Marekani, ilhali wetu wengine hukutana na kompyuta kwa mara ya kwanza siku hiyohiyo.

Mwongozo wa DSM-5, ambao wataalamu huutumia kutambua matatizo ya akili, unataka mtoto awe na angalau dalili 6 kati ya 9 za kukosa umakini, au 6 kati ya 9 za utukutu na pupa, zilizodumu angalau miezi 6, zinazoonekana mahali pawili au zaidi, na baadhi yake ziwe zilianza kabla ya miaka 12. Chumba cha kipimo ni mahali pamoja tu, tena kimya, pasipo wenzake themanini wa kumsukuma dawatini. Kwa hiyo yupo mwenye ADHD atakayefaulu vizuri kwa kuwa mchezo ni mgeni kwake, na yupo asiye nayo atakayeshindwa kwa kuwa usiku kucha alikuwa mwaloni akisaidia kazi ya dagaa.

Nikupeni mfano mmoja. Mvulana wa miaka 8 kutoka upande wa Ilemela aliletwa na barua ya mwalimu iliyosema hasikilizi na huzungukazunguka darasani. Kwenye kompyuta alifanya vizuri kuliko nilivyotarajia, nikabaki nimeshika karatasi ya matokeo nisijue niiweke wapi. Ndipo nilipokumbuka kwamba nilipokuwa nikimweleza namna ya kubonyeza, hakuyaondoa macho yake kwenye midomo yangu. Nikasimama nyuma yake, nikamwita jina. Hakugeuka. Masikio yote mawili yalikuwa yakitoa usaha, na kipimo kile hakikuhitaji masikio, kilihitaji macho tu.

Sisemi kipimo kitupwe. Jaribio lililochapishwa Uingereza mwaka 2018 lilionyesha kwamba madaktari waliopewa ripoti ya QbTest walifikia uamuzi mapema zaidi, na usahihi wao haukupungua; na mwaka 2024 NICE, taasisi ya nchi hiyo inayotoa miongozo ya huduma za afya, ilikipendekeza kwa wenye miaka 6 hadi 17, kikiwa msaada wa tathmini ya mtaalamu, si mbadala wake. Nasi tukitumie hivyo, baada ya kukagua masikio, macho, usingizi, upungufu wa damu, kichocho na kifafa kile cha kuduwaa sekunde chache.

Mwalimu, barua yako inifikie kabla ya mtoto. Usiniandikie kwamba ni mtundu; niandikie kwamba katika hesabu za asubuhi aliacha maswali mangapi na aliinuka mara ngapi. Kompyuta tumeiwasha chumba cha pili, na anayetaka kujua dakika 15 za maduara zina urefu gani aje aketi mwenyewe.